Hesabu ya Siku: Damu, Mwezi na Kipimo cha Homoni katika Pwani ya Olumbi

Olumbi ni makao ya mojawapo ya tarafa za wilaya ya Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, na wengi wa wenyeji wa ukanda wake wa pwani ni Wamakwe, ambao husema Kimakwe majumbani, hutumia Kiswahili wanapofanya biashara na watu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, husoma dini kwa Kiarabu, na hukutana na Kireno shuleni, ofisini na kwenye kituo cha afya. Mchanganyiko huo si wa jana wala juzi. Ghuba ya Tungi, ambayo ndiyo ghuba ya Palma ya leo, ilidaiwa na Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887, na zamani kabla ya hapo vitabu vya fikihi, desturi za ndoa na msamiati wa mwili wa mwanamke vilikuwa vikisafiri kwa majahazi yaliyopita njia ileile ya Kilwa na Zanzibar.

Msamiati huo wa mwili ndio mlango wa kuingilia jambo ambalo kwa kulitazama juujuu ni la maabara tu, yaani namna ya kusoma majibu ya kipimo cha homoni katika damu. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi au kiungo kimoja cha mwili, ikamwagwa ndani ya damu na kwenda kuamuru kazi katika kiungo kingine kilicho mbali. Jina lenyewe lilitolewa na Ernest Starling mjini London mwaka 1905 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea, na ndiyo sababu waandishi wengine wa Kiswahili huiita kichocheo. Kwa kuwa homoni za uzazi hupanda na kushuka siku hadi siku, tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu haina maana kamili mpaka ijulikane damu ilitolewa siku ya ngapi tangu hedhi ilipoanza. Projesteroni, ambayo ni homoni inayoandaa mji wa mimba upokee yai, ikipimwa siku ya tano na kuonekana kuwa nanomoli 2 kwa lita ni ya kawaida kabisa, lakini kiasi hichohicho kikipatikana wiki moja kabla ya hedhi inayofuata huashiria kwamba yai halikutoka mwezi huo. Historia ya kipimo hiki katika pwani kama ya Olumbi, kwa hiyo, haianzi na sindano wala kichupa cha damu. Inaanza na hesabu ya siku, na hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake karne nyingi kabla ya maabara ya kwanza kujengwa.

Shule ya kwanza ya hesabu hiyo ilikuwa unyago. Pande zote mbili za Ruvuma, msichana aliyevunja ungo, yaani aliyeona damu kwa mara ya kwanza, alikuwa mwali, akawekwa chini ya kungwi aliyemfundisha usafi, heshima, miiko na mambo ya ndoa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aligusia mafunzo ya namna hiyo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, na miaka mitatu baadaye Karl Weule, mtafiti aliyetoka Leipzig, alishuhudia sehemu za sherehe za unyago katika nchi ya Masasi na Newala, ingawa alichoweza kukiona mwanamume tena mgeni kilikuwa zaidi ngoma na mavazi kuliko somo lenyewe. Somo lilikuwa ndani. Neno mwezi lilibeba maana tatu kwa pamoja, mwezi wa angani, mwezi wa kalenda na damu ya mwanamke, na mwali alifundishwa kuzifunga hizo tatu katika hesabu moja, ajue lini aliingia mwezini, lini alitoka, na lini azitazamie siku zake tena.

Hesabu hiyo haikuwa siri ya mtu mmoja, jambo ambalo wasomaji wa leo waliozoea kuiona hedhi kama siri ya faragha hulisahau kwa urahisi. Katika jamii nyingi za Malawi na kaskazini mwa Msumbiji mwanamke aliyekuwa katika siku zake hakutia chumvi kwenye chungu cha mboga, akamwachia mtoto au bibi mzee kazi hiyo, na katika baadhi ya jamii za kusini mwa Tanzania shanga nyekundu na nyeupe zilimwarifu mume bila neno kutamkwa. Miiko ya aina hiyo imelaumiwa, na baadhi ya lawama ni za haki, lakini ilikuwa na tokeo moja ambalo halikukusudiwa: nyumba nzima ilikuwa na kumbukumbu ya tarehe. Mwanamke aliyesahau siku zake alikuwa na mama, kungwi na mume waliozikumbuka.

Shule ya pili ilikuwa chuo, yaani madrasa, na hapo hesabu iliacha kuwa ya shanga na chumvi ikawa ya tarakimu. Watu wa pwani hii hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kitabu kidogo ambacho wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekianzia kwa vizazi vingi ni Safinat al-Naja cha Salim bin Sumeir, mwanachuoni wa Hadhramaut aliyefia Batavia, ambayo ni Jakarta ya leo, katikati ya karne ya kumi na tisa. Katika mistari michache tu kitabu hicho kinaweka mipaka ya hedhi: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, kwa kawaida ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano; twahara, yaani muda wa usafi ulio kati ya hedhi mbili, haupungui siku kumi na tano, na kwa kawaida ni siku ishirini na tatu au ishirini na nne. Atakayejumlisha saba na ishirini na tatu, au sita na ishirini na nne, atapata thelathini, na thelathini ndiyo mwezi mwandamo ulio kamili. Madaktari wa leo huchukua mzunguko wa siku 24 hadi 38 kuwa wa kawaida, kwa hiyo kadirio la chuo limo ndani ya mpaka huo, na limo vizuri.

Hata hivyo ni kosa kuisoma Safina kana kwamba ni kitabu cha tiba. Mpaka wa siku kumi na tano uliwekwa ili mwanamke ajue lini asali na lini afunge, haukuwekwa ili kutenga afya na ugonjwa, na mwanamke anayetokwa na damu siku kumi na mbili kila mwezi yumo ndani ya sheria huku mganga akiona sababu ya kutafuta uvimbe, upungufu wa damu au kasoro ya homoni. Mahali ambapo mafakihi waliwatangulia watu wa maabara ni penginepo, katika mlango wa istihadha, yaani damu inayozidi mpaka wa hedhi. Hapo waliwagawa wanawake kwa mafungu: yupo anayeweza kupambanua damu kwa rangi na uzito wake, yupo mwenye ada, ambaye miezi yake iliyopita inajulikana na ndiyo anayorejeshwa kwayo, na yupo anayeanza, ambaye hana ada ya kurejea. Ada ya mtu mwenyewe ilikuwa hoja. Karatasi ya maabara ya leo huandika pembeni ya kila tarakimu kiwango cha kawaida, na kiwango hicho kwa desturi hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya na kuchukua asilimia 95 iliyo katikati, maana yake ni kwamba katika kila watu ishirini wazima mmoja hutoka nje ya mpaka pasipo kuumwa chochote. Na wataalamu wa maabara wenyewe wamekubali kwamba kwa homoni kadhaa, hasa zile za tezi ya shingo, mtu kulinganishwa na majibu yake ya zamani hufaa kuliko kulinganishwa na umma.

Jambo la kunyonyesha linaonyesha ukaribu wa fikihi na maabara kwa namna nyingine. Prolaktini ni homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huyaamuru matiti yatoe maziwa. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, prolaktini hupanda, na kunyonya huko huko huzizuia zile amri za ubongo zinazoivisha mayai, hedhi ikakoma kwa muda. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto chakula kingine, ambaye hajaona hedhi na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana kinga ya mimba inayozidi asilimia 98. Vitabu vya Kishafi vilikuwa vimekwisha kulitambua tukio lenyewe kwa njia ya sheria, kwa kuwa mwanamke aliyeachwa ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu inayojulikana, kama vile kunyonyesha au maradhi, hakuruhusiwa kuhesabu eda yake kwa miezi, bali alisubiri damu irejee. Anayepimwa prolaktini akiwa ananyonyesha, na karatasi ikatoka na alama ya kuzidi, hana ugonjwa kwa hilo peke yake.

Eda ndiyo shule ya tatu, na kwa mwanahistoria ndiyo yenye mengi zaidi. Ni muda ambao mwanamke aliyetalikiwa au kufiwa na mume hukaa bila kuolewa: twahara tatu kwa aliyeachwa aonaye hedhi, miezi mitatu kwa aliyekoma hedhi, miezi minne na siku kumi kwa mjane, na kwa mwenye mimba mpaka ajifungue. Ina hekima nyingi, ikiwemo kutoa nafasi ya kurudiana na kutunza heshima ya marehemu, lakini mojawapo ni kujua kama mji wa mimba una kitu au ni mtupu, na kwa maana hiyo eda ilikuwa kipimo cha mimba kisichohitaji chombo chochote isipokuwa wakati na ukweli wa anayehesabu. Upande wake wa giza ulikuwa istibrai, hedhi moja aliyosubiriwa mjakazi aliponunuliwa kabla bwana wake mpya hajamkaribia. Pwani ya Cabo Delgado, kutoka Ibo hadi Tungi, ilisafirisha watumwa kwenda Komoro, Madagaska na kwingineko hadi nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, na katika biashara hiyo siku za mwanamke zilihesabiwa na mtu mwingine kwa faida ya mtu mwingine. Kipimo cha mwili hakijawahi kutengana na swali la nani anakimiliki.

Eda pia ilikuwa na mipaka ya ujuzi wake. Mafakihi wa Kishafi walikubali kwamba mimba yaweza kukaa hadi miaka minne, na katika nchi nyingi za Kiislamu ilijulikana habari ya mtoto aliyelala tumboni, dhana ambayo iliokoa heshima ya wajane na watalaka wengi, na pengine ndiyo siri ya kudumu kwake, lakini ambayo tiba haiwezi kuithibitisha. Hedhi ikikatika kwa miezi mingi, sababu huwa nyingine: njaa, huzuni kubwa, uvimbe wa pituitari, kasoro ya tezi ya shingo, au kukoma kwa uzazi. Chini ya Kampuni ya Niassa, iliyopewa nchi hii na Ureno mwaka 1891 ikaitawala hadi 1929 kwa kodi na kazi za shuruti, watu wengi walivuka Ruvuma kukimbia, na mwili usiopata chakula huanza kwa kuzima uzazi, kwa kuwa ubongo hupunguza amri zake kwa pituitari na pituitari nayo hupunguza zake kwa vifuko vya mayai. Kungwi aliweza kuona kwamba siku zimekosekana. Hakuweza kuona ni ngazi ipi ya mnyororo huo iliyokatika.

Uwezo wa kuiona ngazi hiyo ulianza Berlin, ambako Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walitangaza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mkojo wa mja mzito, ukidungwa kwa panya wachanga, huamsha mayai yao; kilichokuwa kikitenda kazi ni homoni ya kondo, inayojulikana kwa herufi hCG, ambayo kiini cha mimba huanza kuitoa mara kinapojishika kwenye mji wa mimba. Panya walilazimika kuchinjwa ili wasomwe. Afrika ikatoa njia nafuu zaidi: chura wa Kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus laevis, ambaye Lancelot Hogben alimfanyia utafiti Cape Town, alionekana katika miaka ya 1930 kwamba akidungwa mkojo huo hutaga mayai ndani ya saa chache, bila kuuawa, na akaweza kutumika tena. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu hadi maabara za Ulaya na Marekani. Ndugu yake, Xenopus muelleri, aliyeelezwa kisayansi na Wilhelm Peters mwaka 1844 kwa vielelezo vya Msumbiji, anaishi katika madimbwi ya nyanda za chini za Afrika Mashariki, lakini si yeye aliyepata umaarufu huo.

Mapinduzi ya kweli yalikuja New York, katika hospitali ya askari wastaafu ya Bronx, ambako Rosalyn Yalow na Solomon Berson walitafuta njia ya kupima insulini, homoni ya sukari, iliyomo katika damu kwa kiasi kidogo mno. Walichukua kingamwili, yaani protini ambayo mwili hujitengenezea ili kukamata kitu kigeni, wakaiacha igombaniwe na insulini mbili, moja ya mgonjwa na nyingine iliyotiwa alama ya mionzi. Kadiri ya mgonjwa ilivyokuwa nyingi, ndivyo ile yenye alama ilivyokosa nafasi, na kwa kuhesabu mionzi iliyobaki walijua kiasi cha homoni. Njia hiyo ilichapishwa kati ya 1959 na 1960, na Yalow akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufa. Baadaye mionzi ilibadilishwa kwa vimeng'enya na mwanga, lakini wazo la kuikamata homoni kwa kingamwili ndilo lililozaa mashine za leo pamoja na kijiti cha mkojo kinachouzwa dukani.

Mashine hizo kwa kawaida hukaa katika maabara za miji, na mtu wa kijiji cha pwani hulazimika kusafiri hadi huko, au damu yake husafiri badala yake. Karatasi inayorudi huwa na herufi ambazo zikieleweka hupoteza vitisho vyake. FSH na LH ni amri za pituitari kwa vifuko vya mayai, na hupimwa vema siku ya pili hadi ya nne ya hedhi. FSH iliyo juu sana maana yake si nguvu bali ni kinyume chake, kwamba pituitari inapiga kelele kwa kuwa mayai hayajibu, kama inavyokuwa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. TSH, amri ya pituitari kwa dundumio, yaani tezi ya shingo ambayo ikivimba huitwa rovu, husomwa kwa kanuni hiyohiyo ya kinyume: ikipanda, aghalabu dundumio ni dhaifu. Projesteroni husemwa kuwa ya siku ya ishirini na moja, lakini hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku ishirini na nane pekee, na mwenye siku thelathini na tano hupaswa kupimwa siku ya ishirini na nane. Homoni ya kondo katika wiki za mwanzo hukaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo tarakimu mbili zilizotengwa na siku mbili husema mengi kuliko moja hata ikiwa kubwa. Vipimo vyenyewe navyo hutofautiana, kwa kuwa nanogramu 1 ya projesteroni kwa mililita ni sawa na takriban nanomoli 3.18 kwa lita, na 10 ya kipimo cha kwanza huthibitisha kwamba yai limetoka huku 10 ya kipimo cha pili ikiacha shaka. Sindano ya uzazi wa mpango huvuruga hesabu yote, nayo huwa haitajwi na mgonjwa kwa sababu haihesabu kuwa dawa.

Zipo homoni zinazofuata saa badala ya mwezi. Kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, na testosteroni, ambayo ni homoni ya kiume, huwa juu asubuhi na hushuka jioni, ndiyo maana damu yake hutolewa mapema. Kireno huita wakati huo saa nane na Kiswahili huuita saa mbili, na mtu wa lugha mbili aliyeambiwa aje saa nane anaweza kufika mchana baada ya sala ya adhuhuri, akatolewa damu, na majibu yake yakaonekana ya chini bila ugonjwa wowote.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, serikali ya FRELIMO ilitaifisha huduma za afya mwezi uliofuata na kuzisambaza vijijini kwa kasi ambayo utawala wa Kireno haukuwahi kuijaribu, na wakati huohuo ikapiga vita unyago kwa kuuita ukale na ushirikina. Hatua ya kwanza ilistahili sifa, ya pili ilikuwa na dosari ambayo waliohusika hawakuiona, kwa kuwa zahanati ilimtaka mwanamke atoe tarehe ilhali dola ilikuwa ikimkemea mwalimu aliyemfundisha kuihesabu. Unyago haukufa, ulifupishwa, ukajificha, ukarudi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 na kuufikia mji wa Palma mwezi Machi 2021 viliharibu au kufunga vituo vingi vya afya vya mkoa, na kuwatawanya watu hadi Pemba na kwingineko, mbali na mama, kungwi na jirani waliokuwa kumbukumbu ya pili ya siku zao.

Fomu ya kliniki ya Kireno ina kisanduku kidogo chenye herufi DUM, kifupi cha maneno data da última menstruação, tarehe ya hedhi ya mwisho. Mwanamke aliyesomeshwa kwa mwezi mwandamo hukijibu kwa Mfungo Tatu au Rajabu, kwa siku ngapi kabla ya kuanza kufunga au ngapi baada ya Idi, na karani mwenye kalenda ya ukutani hulazimika kuhesabu kurudi nyuma, kwa miezi ya siku ishirini na tisa na thelathini, mpaka afike kwenye tarehe ambayo mashine ya mjini inaisubiri.